Nazi Sikioni

Nilimkuta amesimama uani, nazi ameishika kando ya sikio la kulia, macho ameyafumba. Aliitikisa mara moja, akatulia, akaitikisa tena. Kisha akaiweka chini upande wa kushoto na kuokota nyingine. Kushoto zilikuwa tatu. Kulia, zile alizozikubali, mbili. Kijana aliyezileta kwa baiskeli kutoka Ganda aliegemea mlango wa nyuma akitazama, kimya, kama mwanafunzi anayengoja daftari lake lisahihishwe.

"Hii maji yake yana kelele mno," Mama alisema bila kunigeukia. "Imekaa. Tui lake litanuka mafuta." Akachukua nyingine, akaitikisa, akacheka. "Na hii haisemi kitu. Koroma hii, baba. Umeiangua kabla ya siku zake."

Kijana akainama, akaitia koroma yake ndani ya gunia.

Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi: majina haya niliyakariri shule ya msingi na kuyapata yote katika mtihani. Sikujua kwamba yana sauti.

Hii ilikuwa safari yangu ya pili kama mgeni katika nyumba ya Mama, na siku ya tatu ya safari hiyo. Nyumba iko mtaa wa Shela, katika mji wa kale wa Malindi, si mbali na Msikiti wa Juma na makaburi yake ya mnara. Haina kibao mlangoni. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa moja, kuta nene za matumbawe na chokaa, boriti za mikoko darini, na vyumba vitatu vya juu ambavyo Mama alianza kuwapangisha wageni watoto wake walipokwisha kuoa na kuolewa. Ukipiga simu kuomba nafasi atakuuliza maswali mawili tu: mko wangapi, na kuna kitu msichokula? Bei huitaja mwisho, kwa haraka, kama jambo la aibu. Menyu hakuna. Mgeni hula kile ambacho bahari na shamba vimetoa siku hiyo, na wanaorudi hurudi kwa ajili ya sinia, si kwa ajili ya kitanda, ingawa kitanda chenyewe ni cha besera na mtoni pametandazwa asmini.

Huko Japani ziko nyumba za wageni za jadi ambazo watu husafiri kuzifuata kwa sababu ya chakula chake. Huitwa riokani. Moja yao, Nishiyama Onsen Keiunkan katika mkoa wa Yamanashi, inapokea wageni tangu mwaka 705, na Guinness wameiandika kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Unavua viatu mlangoni, unaoga kwanza, unakaa chini kwenye mkeka, na chakula cha jioni huja bakuli moja baada ya jingine kwa kufuata majira ya mwaka. Mlo huo huitwa kaiseki. Anayeisimamia nyumba, aghalabu mwanamke, huitwa okami, na jina la nyumba nzima liko mabegani mwake. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza upishi wa jadi wa Kijapani katika orodha ya urithi wa binadamu. Nilipomsimulia Mama habari hizi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na nazi wanazo?"

Nikamwambia sidhani.

"Maskini," akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Malindi nayo imezoea kupokea watu. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498, baada ya kutoelewana na watu wa Mombasa, mfalme wa Malindi alimpelekea kondoo na viungo. Aliporudi kutoka Bara Hindi Januari 1499, mabaharia wake wakifa kwa kiseyeye, kitu walichokiomba sana kilikuwa machungwa, nao wakapewa. Nguzo yenye jina lake bado iko kwenye rasi, na watalii huenda kupigwa picha hapo. Machungwa hayakujengewa kitu. Siku hizi mji una mahoteli tele, na kwa kuwa Waitaliano wamekuwa hapa tangu mradi wa roketi wa San Marco ulipoanza kule Ngomeni miaka ya 1960, ni rahisi kupata pizza nzuri kuliko kupata wali wa nazi uliopaliwa moto. Pizza siilalamikii. Nasema tu kwamba mtu akitaka kuona wali ukipaliwa moto, lazima aulizie mitaani.

Baada ya nazi tulikwenda pwani kutafuta samaki. Ilikuwa Desemba, kaskazi imekwisha anza kuvuma, na maji ya ghuba yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ni kazi ya mto Sabaki: mvua za vuli huchukua udongo wa bara, mto huumwaga baharini kaskazini mwa mji, na pepo za kaskazi husukuma tope hilo mpaka mbele ya Malindi. Zikivuma za kusi, tope huelekea upande wa pili. Kwa hiyo Mama hakuwauliza wavuvi wana samaki gani. Aliwauliza wametoka wapi.

Wa kwanza alikuwa na nguru wa kupendeza, mrefu, mgongo unang'aa. Mama alimsifu, akampita. "Nguru nyama yake kavu," aliniambia tulipokwisha sogea. "Huyo wa kukaanga. Leo nataka wa kupaka." Wa pili alikuwa ametega usiku kwenye miamba ya upande wa Mayungu, kusini, ambako maji bado ni safi. Alikuwa na changu wanne. Mama alichutama, akamtazama kila mmoja macho kabla ya kumgusa: jicho liwe limetuna na jeusi, lisiwe na ukungu. Akafunua matamvua ya mmoja kwa kidole gumba, yakawa mekundu ya damu. Akambonyeza ubavuni, akaondoa kidole, akangoja kishimo kijae. Kilijaa. Akamnusa. Samaki mzuri, alisema, hanuki samaki, ananuka bahari. Akamchukua huyo, kama kilo moja na nusu, akalipa bila kuteta bei. Nilishangaa. "Akiwa na mbaya siku nyingine," alisema, "ataniambia nisinunue."

Nyumbani alimpara changu ndani ya beseni la maji, kutoka mkiani kwenda kichwani, ili magamba yasiruke. Kisu kilikuwa kidogo, mpini wake umefungwa kitambaa, ubapa wa chuma umenolewa mpaka umebaki mwembamba kama jani la muhindi. Alimtumbua kwa mkato mmoja mfupi, akatoa kila kitu kwa vidole viwili, akasugua damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo kwa kipande cha ndimu mpaka nyama ikawa nyeupe. Kisha akamtia chale: tatu upande huu, tatu upande ule, za mshazari, kila moja inafika mfupani na kusimama hapo. Hakupima. Nilipozipima baadaye kwa jicho, nafasi kati ya chale na chale ilikuwa upana wa vidole vyake viwili. Alimpaka chumvi kidogo na ndimu, akamfunika, akamweka ndani ya friji, ambayo ndiyo mashine pekee ya jikoni mwake ukiacha balbu ya umeme.

Mchana ulikuwa wa kupumzika. Niliwahi kuandika mahali kwamba wapishi hodari hawapumziki, na ni uongo. Mama alijilaza barazani saa mbili nzima, khanga usoni.

Saa tisa alasiri aliamka, akatawadha, akaswali, na kazi yenyewe ikaanza.

Wahenga wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa mbuzi. Asiyeijua: ni kigoda kifupi cha mbao, mbele kimechomekwa ulimi wa chuma wenye meno kama ya msumeno, umepinda kidogo kwenda juu. Mkunaji hukaa juu yake kama aliyempanda mnyama, sinia chini ya ulimi, nusu ya nazi mikononi. Zile nazi mbili zilikuwa zimekwisha fuliwa. Mama alizisukuma mwenyewe kwenye kifuo, ncha ya chuma iliyosimikwa ardhini, akazungusha mara tatu, na makumbi yakaachia kama nguo. Alizipasua kwa mgongo wa panga. Alipiga palepale kwenye kiuno cha nazi, akiizungusha kiganjani, pigo baada ya pigo, yote ya nguvu moja, mpaka la tano au la sita sauti ikabadilika, akaacha kupiga, akatia vidole, nazi ikafunguka nusu mbili sawa. Maji aliyamimina kwenye gilasi, akanipa mimi.

Nikakuna. Nililelewa Mombasa, nina umri wa mtu mzima, na tui langu hutoka dukani ndani ya pakiti; nakiri hapa kwa sababu Mama aliligundua jambo hilo kabla sijafika nusu ya nazi ya kwanza. Yeye alikuwa ndani akichagua mchele, mimi uani, ukuta kati yetu.

"Unafika kwenye kifuu," alisema kutoka ndani.

Nikatazama. Kweli, katika nyama nyeupe sinia lilikuwa na vichembe vya kahawia.

Alikuja, nikaondoka, akakaa. Alianza ukingoni, si katikati kama mimi. Nazi ilizunguka mikononi mwake kidogo kidogo, kila mzunguko ukichota utepe mmoja mwembamba, na viganja vyote viwili vilikwenda pamoja, mbele na nyuma, bila haraka na bila kusita. Sauti ilikuwa laini, kama mtu anayefagia mchanga. Kila nyama ilivyopungua, sauti ilipanda kidogo, na pale ilipokuwa karibu kuwa kali aligeuza nazi, akahamia mahali pengine. Kifuu kilipobaki, ndani yake palikuwa na utando mwembamba mweupe aliouacha makusudi. Sinia lilikuwa na theluji tupu, kama neno hilo linaruhusiwa Malindi.

Alipasha maji moto mpaka yakawa vuguvugu, kikombe kimoja tu, akayanyunyizia nazi iliyokunwa na kuifinya kwa mikono, taratibu, kama anayekanda bega la mtu. Kisha akaitia ndani ya kifumbu, mfuko wa ukindu uliosukwa, umeiva rangi kwa miaka ya mafuta, akashika ncha mbili na kusokota. Tui lilitoka kwanza kwa matone, halafu kwa uzi mmoja mnene, jeupe, zito, halina haraka. Alisokota mpaka halikutoka tena, akangoja, akasokota mara nyingine, na likatoka. Hilo la kwanza aliliweka kando, chini ya kawa. Alirudisha nazi sinia, akaitia maji zaidi, akakamua la pili katika bakuli la pili. Kisha la tatu, jepesi, karibu maji. Chicha iliyobaki ilikuwa kavu kiasi kwamba ilimwagika mkononi kama pumba, akawapelekea kuku wa jirani.

Bakuli tatu za nazi mbili zilezile. Kila moja ina uzito wake. Pakiti yangu ina tui la namna moja.

Kwenye kinu kidogo alitwanga kitunguu thomu, tangawizi na pilipili mbichi pamoja na punje za chumvi ya mawe, ile ya mashamba ya chumvi ya Gongoni, kwa sababu chumvi ya punje kubwa husaga vitunguu badala ya kuviponda tu. Alitia bizari ya manjano ncha ya kisu. Nusu ya mtwango huo aliuingiza ndani ya chale za samaki kwa kidole, moja moja, mpaka chini. Nusu iliyobaki ilikwenda chunguni pamoja na tui zito na ukwaju aliokuwa ameuroweka tangu asubuhi na kuuchuja kokwa.

Hapa ndipo nilipotaka kiti, kwa sababu miguu yangu ilichoka kwa kumtazama. Tui zito likichemka bila kuangaliwa hukatika: mafuta huku, maji kule, na halirudi. Mama aliweka chungu juu ya moto mdogo na kusimama mbele yake na upawa wa kifuu cha nazi. Alichota, akainua juu, akamimina, akachota tena. Hakukoroga, alichota na kumimina, upande mmoja kila wakati, ili lile la chini lipate hewa na la juu lisitulie. Povu lilipanda, akapunguza kaa moja kwa koleo. Likashuka, akalirudisha kaa. Simu yake ililia kwenye rafu, ikakata, ikalia tena. Hakuigeukia. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Mchuzi ulianza kung'ang'ania mgongo wa upawa, kwanza kama maziwa, kisha kama uji, kisha kama rangi ya ukutani. Aliinua upawa, akautazama ukichuruzika, akahesabu labda, akaunusa mvuke wake kwa kuupeperushia puani kwa mkono. Akaipua.

Nilikuwa nikimngojea aonje. Kila mpishi ninayemjua, mimi nikiwa wa kwanza, angekwisha onja mara nne. Nilidhani amesahau.

Mchele ulikuwa umechaguliwa, umeoshwa maji matatu. Alichemsha tui la pili na la tatu pamoja ndani ya sufuria, na wakati likipanda akafungua mtungi wa chumvi. Hapa nilisogea karibu. Alichota kwa vidole, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto, katika kile kibonde cha katikati, akaitazama. Akatikisa kiganja kidogo ili itandae. Kisha akarudisha punje chache mtungini, tatu au nne, na zilizobaki akazitia.

Akamimina mchele. Akaukoroga mara moja kwa mwiko, akaufunika, na hakuugusa tena mpaka uliponyonya tui na kuanza kutoboka vishimo juu yake. Ndipo akanyunyizia upawa mmoja wa tui zito alilolibakiza, akapunguza makaa ya chini mpaka yakabaki manne, akafunika, na yale aliyoyatoa chini akayapanga juu ya kifuniko kwa koleo, moja moja, pembezoni kwanza. Huku ndiko kuupalia wali moto. Mvuke ukitaka kupanda unakutana na joto, unarudi. Kila punje inaiva ikiwa imesimama peke yake, na chini kabisa, polepole, unafanyika ukoko ambao watoto wa nyumba yoyote ya pwani wamewahi kuupigania.

Jiko la samaki liliwashwa kwa vifuu vya nazi. Vifuu huwaka kwa fujo, moto mrefu na moshi mwingi, na mgeni hudhani ndio wakati. Mama alivuta kigoda, akakaa, akaviacha vifanye fujo yake mpaka ikaisha. Yalipobaki makaa mekundu yenye majivu meupe juu, aliweka kiganja juu ya chanja, akakishika hapo kidogo, akakitoa. Akaongeza kifuu kimoja. Akangoja tena. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya minazi, na kunguru wa Shela walikuwa wamekwisha anza mkutano wao wa kila jioni.

Changu alilala juu ya chanja na ngozi ikalia. Nilitaka kumgeuza. Nilinyoosha mkono kabisa.

"Mwache. Akiiva atajiachilia mwenyewe."

Alijiachilia. Mama alipitisha kisu kipana chini yake, samaki akainuka bila kuacha hata kipande cha ngozi kwenye waya, akageuzwa. Sasa mchuzi. Bua la mchaichai lilikuwa limepondwa ncha mpaka likawa na nyuzi kama brashi. Alilichovya chunguni na kumpaka changu upande ulioiva, akijaza chale kwanza, kisha mwili, kisha mkia. Akageuza. Akapaka upande wa pili. Matone yaliyoanguka motoni yalitoa moshi wa nazi ambao ulirudi juu na kumkalia samaki. Akageuza tena, akapaka tena. Kila tabaka aliliacha likauke, likawa na ngozi ya dhahabu yenye madoa meusi, kabla ya kuongeza la juu yake. Nilihesabu mara tano kila upande. Kati ya mara na mara alikaa tu, mikono magotini, akiutazama moto. Hakuna kitu alichofanya katika nafasi hizo, na nadhani hizo nafasi ndizo zilizompika samaki.

Kachumbari sitaieleza, kila mtu anaijua. Embe ngowe zilimenywa na kukatwa vipande virefu, na achari ilitoka kwenye chupa iliyokaa juani tangu mwezi uliopita.

Nikashindwa kunyamaza. "Mama, hukuonja kitu."

"Leo Alhamisi, mwanangu."

Ilinichukua muda. Asubuhi alitumiminia chai, akatuwekea mahamri na mbaazi, akarudi uani. Adhuhuri hakuwa nasi. Maji ya nazi alinipa mimi. Yeye hufunga sunna kila Jumatatu na Alhamisi, na siku zote hizo hupika, na wageni hula, na hakuna aliyewahi kurudisha sinia. Nikamwambia nimesikia mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Akasema yeye pia amesikia hivyo, kutoka kwa watu wenye elimu, na hana ugomvi nao.

"Ila ukizoea ulimi," alisema, "unaacha kusikiliza."

Adhana ya magharibi iliadhiniwa Msikiti wa Juma, kisha msikiti wa pili ukaifuata, kisha wa tatu. Mama alikula tende moja, akanywa maji kwa mikupuo mitatu, akaenda kuswali. Sisi wageni wanne tuliketi mkekani kungoja, viatu vyetu vimepangwa mlangoni, mikono imenawishwa kwa birika na bakuli na mjukuu wake wa miaka kumi ambaye hakutaka kabisa kututazama usoni. Sinia lilikuwa katikati, chini ya kawa kubwa la ukindu jekundu na jeusi.

Aliporudi alikaa nasi, akalifunua.

Wali ulisimama punje kwa punje, mweupe, unang'aa kidogo. Changu alikuwa mzima, rangi ya shaba, chale zake zimefunguka zikionyesha nyama. Mmoja wetu, mzee kutoka Kilifi ambaye alikuwa amezungumza tangu asubuhi juu ya bei ya korosho, aliacha kuzungumza. Nyama ilitoka mfupani kwa kugusa tu. Ndani ilikuwa na maji yake, nje na ukali wa moshi, na kati yake ukwaju ulikuja mwishoni, baada ya nazi, kama mtu anayeingia chumbani kwa adabu. Sikupata kosa. Nililitafuta, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, na sikulipata.

Mama alichukua tonge lake la kwanza la siku. Alitafuna polepole, akiangalia mahali pasipo na kitu. Akachukua la pili, la wali mtupu.

"Wali umepungukiwa chumvi," alisema.

Tukakataa sote kwa pamoja. Mzee wa Kilifi alikataa kwa kiapo. Nikachukua tonge la wali mtupu mimi pia, nikalitafuna kama alivyolitafuna, nikasikia nazi, nikasikia moshi kidogo wa palio, na chumvi ilikuwepo, kamili kwa ulimi wangu.

"Kidogo tu," akasema. Alinyoosha kiganja cha kushoto, akakitazama kama bado kina kitu ndani yake. "Zile nilizorudisha."

Akala, akashiba, akamsukumia mjukuu wake ukoko wote. Tulipomaliza na sinia likaondolewa, aliinuka, akashusha kopo la mchele na ungo, akakaa chini ya balbu na kuanza kuuchagua. Asubuhi ni mkate wa kumimina, na mchele wake lazima ulale majini usiku kucha.